Nafasi ya Mikono ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na ruhusa ya kununua seva imetoka leo. Vyote viwili nimevisubiri tangu mwaka jana na vyote viwili vimenikuta sijajiandaa. Mguu wangu wa kulia hautulii chini ya meza. Mhasibu ameniuliza natwanga nini.

Niyaweke sawa, maana nikiyaacha kichwani yanazunguka tu. Kituo chetu kinatengeneza kamusi ya lugha ya ishara. Kamusi za watu wengine zinaandikwa, yetu inapigwa video, kwa sababu ishara huwezi kuiandika ikaeleweka, lazima ionekane. Kwa miaka mingi Konokono, mpiga picha wetu, amerekodi viziwi wakiongea. Yeye mwenyewe ni kiziwi, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana hafanyi haraka hata nyumba ikiungua. Video zote zimo kwenye diski ndogo za nje, rundo zima, ndani ya droo isiyofunga vizuri. Kila video ina nakala moja tu. Diski ikifa, inakwenda na watu wake.

Kazi yangu ni kuchagua seva moja kubwa, yenye diski nyingi tumboni, iunganishwe na mtandao wa ofisi ili kila mtu afungue video akiwa mezani kwake. Kununua ni mara moja. Nikikosea, hakuna wa kuniongezea.

Diski ya kumi na tisa ni ya Mama. Mama yangu mimi.

Jumanne, 5 Machi

Jana niliishia hapo kwa sababu nilichoka. Leo niseme.

Mama alizaliwa kiziwi. Ujana wake wote alishona kwenye karakana ya sare, yeye na wanawake wengine viziwi kumi. Humo ndani walijitungia ishara zao: ya mshono uliokwenda upande, ya sindano iliyopoteza ncha, ya msimamizi anayekuja amekunja uso. Nje ya karakana ile hakuna anayezijua. Hata mimi. Lugha ya ishara ndiyo lugha yangu ya kwanza, kusema kwa mdomo nilijifunzia kwa majirani, lakini zile za karakana Mama hakuzileta nyumbani. Alikuwa akisema ni za kazini na zimejaa matusi.

Tulipokuja kurekodi walikuwa wamebaki watatu: Mama, shoga yake wa chanda na pete, na bibi mmoja aliyekuwa akikata vitambaa. Sasa amebaki Mama peke yake. Na tangu mwaka jana mikono yake inatetemeka. Daktari alimpa dawa na ugonjwa akaupa jina, mtetemeko haukuondoka. Juzi aliniomba chumvi nikamletea mkasi. Alinitazama, akautazama mkasi, akainuka akaifuata chumvi mwenyewe.

Kwa hiyo mikono ya Mama iliyotulia ipo mahali pamoja tu duniani. Ipo kwenye droo.

Alhamisi, 7 Machi

Mhasibu kaja na kiti chake, kakaa mbele yangu.

"Dada, nieleze kama mtoto. Hizi video zina sauti?"

"Hazina. Wanaongea kwa mikono."

"Sasa kama hazina sauti, uzito unatoka wapi?"

Jamani! Nikamweleza kwamba sauti ni unyoya tu, kinacholemea ni picha. Akasema basi tuzibane, harusi ya mpwa wake yote imeingia kwenye simu. Sikubishana. Nilichukua video moja nikaibana anavyotaka, nikamwonyesha. Vidole vilikuwa vimegeuka uji.

"Hapo ni vidole viwili au vitatu?"

"Viwili. Hapana... vitatu?"

"Basi hujui kama huyu anamzungumzia mjomba wake au mbuzi wake."

Akakuna kichwa. Kisha akapata wazo jingine: tukate vichwa, tubakize mikono, nusu ya uzito itaondoka. Konokono alikuwa mlangoni, akaniuliza kwa mikono jamaa anasema nini. Nikamfasiria. Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Mwambie yeye aongee siku nzima bila kupandisha sauti wala kuishusha," akasema. "Uso ndio unaouliza. Uso ndio unaokasirika. Mikono mitupu ni mashine."

Mhasibu si mtu mbaya. Ila nikimtazama naiona ile droo.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Sikufanya kitu, na sikupumzika.

Jumanne, 12 Machi

Dukani kwa Mjomba. Si mjomba wangu, mji mzima unamwita hivyo, na anauza kila kitu chenye waya.

Nimechukua uamuzi wa kwanza: diski nane. Zikipangwa ninavyotaka, mbili zinaweza kufa kwa mpigo na bado isipotee hata video moja. Mhasibu atasema mbili hizo ni za bure. Ni za bure kama mlango wa dharura ulivyo wa bure mpaka siku ya moto.

Mjomba alinitolea za bei nafuu. Ninazijua hizo. Zinaandika mistari ikilaliana kama vigae vya paa, ndiyo maana zinabeba kingi kwa kidogo. Kusoma zinasoma vizuri. Lakini siku mojawapo ikifa, ukaweka mpya na kuanza kuijaza upya, zinakwama, zinahema, na ya pili inafuata mwenzake. Nikakataa. Akatoa zile nzito, za kufanya kazi bila kuzimwa. Nikazipenda. Halafu nikaona zote nane zimo katika boksi moja.

"Sitaki za boksi moja," nikamwambia. "Zilizotengenezwa pamoja zina tabia ya kuharibika pamoja. Nipe nne za hapa, nne za mzigo mwingine."

"Mzigo mwingine unakuja mwezi ujao."

"Nitasubiri."

"Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma."

"Mjomba, mimi sinunui nazi."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Konokono kanivuta mkono asubuhi kabla sijavua hata koti la mvua. Diski ya kumi na tisa inagonga. Alikuwa akiitumia, kiganja kipo juu yake, akahisi kitu kinadunda ndani. Niliiweka sikioni, sikusikia lolote. Nikaweka kiganja, nikangoja. Nikakihisi. Kidogo sana, kama mtu anayebisha hodi asitake kuamsha watoto.

"Nakili sasa," akasema. "Hata kwenye kompyuta yangu."

Nikakataa. Naandika sababu zangu hapa ili zisinipotee. Moja, kompyuta yake ni kongwe na diski yake imejaa mpaka kooni. Mbili, kumbukumbu yake haijisahihishi: ikikosea herufi moja katikati ya video, inaandika kosa na kunyamaza. Tatu, diski mgonjwa haisomwi ovyo. Inasomwa mara moja tu, ikienda kwenye makao yake ya kudumu. Mara moja, safi, kwisha.

Nikaifunga kwa kitambaa, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaukaza vizuri ili unyevu usiingie, nikaiweka juu ya kabati.

"Inapumzika," nikamwambia.

"Diski si mzazi aliyetoka kujifungua," akasema.

Tukagombana. Kugombana na Konokono kunachosha, maana hafanyi haraka hata akikasirika. Anamaliza kila sentensi.

Jumanne, 19 Machi

Feni za seva. Kubwa na polepole, au ndogo na za mbio? Siku nzima imekwenda kwa feni.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeandika orodha, nimeichana. Ubao mkuu niliouchagua Jumatatu, ule unaobeba vifaa vyote vya seva, haukubali kumbukumbu inayojisahihisha, na kumbukumbu ya namna hiyo siiachi, hata anililie nani. Nikachagua ubao mwingine. Huo ukadai sanduku kubwa zaidi. Sanduku kubwa likadai feni nyingine. Nimerudi kwenye feni! Mhasibu siku hizi ananiita Bi Harusi. "Bi Harusi, leo umejaribu gauni gani?" Ofisi nzima inacheka, nami nacheka nao, kisha nakwenda chooni nakaa humo kidogo.

Kwani wao wanajua nini? Wakikosea wao, wanafuta na kuandika tena.

Jumatano, 27 Machi

Mama kaniuliza ninachelewa wapi siku hizi. Nikamwonyesha kwenye simu picha za diski, sanduku, feni. Akazitazama moja moja.

"Yote haya kwa ajili ya matusi yetu?" akasema.

Nilimwelewa mara moja, maana leo mikono yake ilikuwa na afadhali. Tukacheka. Kisha akasema anataka kumwona shoga yake. Kwenye ile video wamekaa watatu, shoga yake yupo kulia, anasimulia siku msimamizi aliposhonewa mfuko wa suruali akakosa pa kutia mkono. Mama amekwisha sahau anavyoimalizia.

"Niletee hata kwenye simu."

Nikamwambia bado. Diski inapumzika, seva ikija nitamletea.

"Nimsubiri mpaka lini?"

"Kidogo tu, Mama."

Akaificha mikono kwapani. Siku hizi ndivyo anavyoinyamazisha.

Jumatano, 3 Aprili

Umeme umekatika mara sijui ngapi. Basi na betri ya kuishikilia seva mpaka ijizime kwa adabu, nayo nimeiongeza. Mvua haijakata. Ukuta wa chumba cha seva una alama ya maji, nimeamuru sanduku liwe juu ya meza.

Alhamisi, 11 Aprili

Diski nne za mzigo wa pili zimefika, na moja imekufa kabla haijazaliwa. Nimeirudisha. Ya badala yake bado. Mhasibu leo hakunitania. Alisema tu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada," akaenda zake. Afadhali angetania.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeiunda! Diski nane, za mizigo miwili, kila moja kwenye chumba chake, feni kubwa zinazunguka bila kelele. Nimeizunguka kama mtu aliyenunua ng'ombe. Sanduku zima lina nafasi ya video zetu zote, na za miaka kumi ijayo.

Konokono akauliza tunaanza lini kunakili. Nikamwambia kwanza naijaribu. Kila diski ijazwe mpaka pomoni, isomwe yote, ndipo niiamini. Wiki moja na ushee.

Alikwenda kwenye kabati, akaweka kiganja juu ya mfuko wa plastiki, akanitazama. Mimi nikageukia skrini. Mtu akikugeuzia mgongo huwezi kumwambia kitu kwa mikono, nami nalijua hilo kuliko mtu yeyote katika ofisi ile.

Jumatatu, 29 Aprili

Zimefaulu zote nane. Tumeanza kunakili. Diski ya Mama nimeiweka mwisho, ili kama kuna kasoro njiani ijitokeze kwa nyingine.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeufungua mfuko na kwa ndani plastiki ilikuwa na matone.

Matone. Niliufunga siku ya mvua, hewa ya mvua nikaifungia humo humo, nikauweka juu ya kabati chini ya bati linalochemka mchana na kupoa jioni. Kitambaa kilikuwa kibichi. Niliifuta diski kwa shati langu, nikaiweka mbele ya feni, nikakaa nikiitazama. Konokono kavuta kiti, kakaa pembeni. Mchana tukaiunganisha. Hakuna. Nikaitoa, nikaunganisha tena. Taa yake ikawaka, nikapiga kelele, Mhasibu akaja mbio. Konokono akaweka kiganja juu yake. Nilikuwa namtazama uso, si diski. Aliutoa mkono taratibu, akaifuta pua yake, akasema: "Inakwaruza."

Nikachomoa waya. Nikaikimbiza kwa Mjomba na mvua yake, bila mwavuli. Mjomba ana rafiki anayefungua diski zilizokufa. Hakunikumbusha habari ya nazi. Alinipa taulo.

Mhasibu alinikuta kituoni jioni nimekaa mbele ya seva. Video za diski zote nyingine zimo, kila moja imekaguliwa. Akasema, "Lakini dada, karibu zote umeziokoa." Nikamwambia asante. Sikutaka kumtukana, maana alikuwa anasema kweli.

Jumatatu, 6 Mei

Rafiki wa Mjomba amenionyesha. Sahani ya ndani ina duara lililochimbika, linang'aa kama njia ya kisahani kilichoburutwa mezani. Hakuna cha kusoma pale.

Ingenakiliwa ile Alhamisi ya Machi ingekuwapo. Kwenye kompyuta kongwe, na makosa mawili matatu ya herufi, lakini ingekuwapo. Niliitafutia nyumba isiyovuja mpaka mwenye kuhamia akafa. Ni mimi. Si mvua, si Mhasibu, si Mjomba.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwambia.

Nilikaa mbele yake, mahali penye mwanga, nikasema yote bila kuremba: diski, mfuko, matone, Konokono alivyoniambia na nilivyomjibu.

"Na yeye?" akauliza. Ishara ya shoga yake ni kugusa kidevu mara mbili. Mkono ulitetemeka ukagusa shavu, ukagusa shingo, ukapata kidevu.

"Na yeye. Wote watatu."

Kisha akafumba macho.

Anayesikia anaweza asijue maana yake. Mtu akisikia, ukimkasirisha anaweza kuondoka, kupiga mlango, kukuambia nyamaza. Mama akifumba macho, mlango umefungwa, na hakuna mlango mgumu kama ule. Huwezi kubisha. Nilimshika goti, akalitoa goti. Nikakaa pale nikilia kwa sauti kubwa kama mtoto, mbele ya mtu asiyenisikia wala kuniona.

Jumatano, 8 Mei

Ananipikia. Hanitazami.

Ijumaa, 10 Mei

Bado.

Jumatatu, 13 Mei

Konokono alikuja nyumbani jana. Sijui walisema nini, walinifukuza sebuleni. Nilichungulia mara moja. Mama alikuwa anaongea, mikono inaruka huku na huku, na Konokono ametulia tuli, anasubiri kila neno lifike. Siku zote nimeuona upole wake kama uvivu. Kumbe ndiye mtu pekee anayemwacha Mama amalize.

Jumatano, 15 Mei

Mama kaja kituoni. Hajawahi kuja tangu tulipomrekodi. Viatu vinavuja maji, kilemba kimelowa, kapita meza ya Mhasibu bila salamu, kaingia chumba cha kamera. Konokono alikuwa amekwisha kuwasha taa.

Akanitazama. Usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda mbele ya kamera. Yeye akakaa nyuma yangu juu ya kiti kirefu, uso wake juu ya bega langu, ili picha iuchukue pia. Akapitisha mikono yake chini ya kwapa zangu, akaishika yangu.

Mikono yake ilitetemeka mpaka ya kwangu ikatetemeka nayo. Nikakaza misuli, akanifinya. Nikalegeza. Akaanza kunikunja vidole kimoja kimoja, kiganja akakigeuza, akanisukuma kiwiko. Kisha akaniachia, maana yake: fanya peke yako.

Nilifanya. Akanipiga kofi la mkono.

"Unaongea kama umevaa glavu," akasema. "Tena."

Huo ulikuwa mshono uliokwenda upande. Tuliurudia mpaka akaridhika, nao ni ishara ndogo tu, kidole kinateleza juu ya kidole na shavu moja linavimba. Shavu alilivimbisha yeye, kwenye skrini ya Konokono likaonekana juu ya bega langu, mahali pake hasa. Kisha sindano butu. Kisha msimamizi anayekuja, na hapo nikaelewa kwa nini hakuzileta nyumbani. Nilimgeukia.

"Mama!"

"Nilikuambia," akasema, na uso wake ulikuwa wa msichana.

Kisha akagusa kidevu chake mara mbili. Akanionyesha kwamba shoga yake alizifanya tofauti, kwa uvivu, kiwiko kikiwa juu ya meza ya cherehani. Akanilaza kiwiko. Si hivyo. Akanilaza tena. Nilipoipata hakunipiga. Aliegemeza paji la uso kisogoni kwangu, na tukakaa hivyo, na Konokono hakuzima kamera.

Ijumaa, 17 Mei

Siku ya tatu. Tumepata ishara chache tu, na Mama anasema zipo tele, nisidhani nitamaliza haraka. Kila jioni Konokono ananakili siku hiyo hiyo: kwenye seva, kwenye kompyuta yake kongwe, na kwenye diski moja ambayo Mhasibu anaondoka nayo kwake. Sijamwuliza yeyote kuhusu feni.

Leo tulipomaliza Konokono alinionyesha vipande vyote. Kwa kawaida tunabakiza kile kilichotoka sawa, vingine tunafuta. Kwa ishara moja kuna vipande kumi vilivyoharibika: Mama ananizaba kofi, Mama anagombana nami, mkono wa Mama umeruka umenipiga pua, tunacheka wote wawili, Mama anaitafuta ishara haioni, anaipata.

"Hivi nifute?" akauliza, kidole kipo kwenye kitufe, hana haraka.

"Usifute hata kimoja," nikamwambia. "Nafasi ipo."